Mkanda wa Mbaruku Kisiki

Sogeeni karibu, ila makofi yawekeni kando. Watu wa hadithi hii walipigiwa makofi ya kuwatosha, na mtaona yaliwafikisha wapi. Kazi yangu ni kusimulia, kazi yenu ni kuamua, na atakayeamua kabla sijamaliza nitajua hakuwa akisikiliza.

Palikuwa na watu watano mjini Tanga, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Mbaruku Kiondo, bondia wa ngumi za kulipwa, ambaye mji mzima ulimwita Kisiki. Kipaji chake kilikuwa kutoanguka. Ngumi yake haikuwa nzito, wala miguu yake haikuwa myepesi. Alichojua ni kusimama apigwe, raundi ya kwanza, ya tatu, ya sita, mpaka mwenzake achoke mikono, ndipo naye aanze kunyanyua yake. Watu walilipa kiingilio kutazama kichwa cha mtoto wa mwenzao kikitwangwa kama kisamvu, wakarudi makwao wakisema wameona ushujaa.

Wa pili ni Kocha Semboja, mwenye jimu ya mabati huko Makorora. Kipaji chake kilikuwa kufundisha. Aliweza kumfundisha mtu yeyote kitu chochote, mradi kitu chenyewe kiwe cha kurudiarudia na kisihitaji kufikiri. Aliwahi kumchukua bondia asiyejua hata herufi moja akamfundisha kutia saini ndefu yenye mkia wa kupinda, na bondia yule akawa anasaini mikataba kwa mbwembwe bila kujua imeandikwa nini. Semboja alilisimulia jambo hilo kwa fahari.

Wa tatu ni Promota Mhando, na kipaji chake kilikuwa maneno. Akilitangaza pambano la vijana wawili walioanza mazoezi mwezi uliopita, unajiona kama usipokwenda utakuja kusutwa na wajukuu zako. Alivaa suti hata kwenye joto la Februari, akajifuta jasho kwa leso yenye herufi za jina lake.

Wa nne ni Daktari Lukindo, aliyeteuliwa na chama cha ngumi cha mkoa kuwapima mabondia kabla hawajapanda ulingoni. Kipaji chake kilikuwa jicho. Mgonjwa akitembea kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti, Lukindo ameshajua nusu ya ugonjwa wake. Kwa hiyo msije kuniambia baadaye kwamba hakuona.

Wa tano ni Mwantumu, dada yake Mbaruku, aliyemzidi miaka sita na aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alikuwa akifua mashuka katika nyumba ya wageni huko Chumbageni, na kipaji chake kilikuwa kunyamaza. Mashuka ya wageni husema mengi. Mwantumu aliyasoma yote, akayatia sabuni, akayaanika, na kwa miaka kumi na moja hakuna aliyesikia kutoka kwake nani alilala na nani. Mwenye nyumba alikuwa akimwonesha kwa wageni kama mtu anayeonesha feni mpya. Huyu ndiye nitakayekaa naye, maana wengine walikuwa na shughuli nyingi za kujisifu.

Basi sikilizeni ilivyokuwa.

Mwezi wa Juni, Mbaruku alipigana raundi nane mbele ya duka jipya la magodoro. Raundi ya tano alipigwa ngumi ya sikioni, na kengele ilipolia akaenda kukaa kwenye kigoda cha mpinzani wake. Akatulia hapo, akapanua mdomo apewe maji. Watazamaji walicheka mpaka wakashikana mabega. Semboja alikwenda kumchukua kwa mkono, akamrudisha upande wake, na pambano likaendelea, kwa kuwa mtu aliyesahau kwao ni wapi bado aliweza kusimama.

Mwezi wa Julai, Mwantumu alikuta shuka la mdogo wake limelowa. Alidhani pombe, ingawa Mbaruku hanywi. Kisha akaona damu kwenye foronya, kidogo, pembeni, pale mdomo unapolala. Akalifua, asiulize. Wiki iliyofuata, asubuhi, walikuwa wakinywa chai uani, Mbaruku akatoa sauti kama mtu anayekohoa, macho yakageuka meupe, mwili ukakakamaa, akaanguka ubavu na birika pamoja. Miguu yake ilipiga chini muda mrefu. Mwantumu alimgeuza upande, akamshika kichwa kisigonge sakafu, akasubiri.

Mbaruku alipozindukana alitazama chini. "Dada, nani kamwaga chai?"

"Wewe. Umeanguka."

"Mimi siangukagi."

"Umeanguka, Mbaruku. Na lile shuka nililifua mimi, najua lilivyokuwa. Vaa twende hospitali."

Mbaruku alikaa, akajifuta mate, akafikiri kwa shida. "Nikienda wataniandika kifafa. Mwenye kifafa hapewi leseni ya ulingo, dada, imeisha hiyo. Na pambano la mkanda wa ubingwa ni mwezi ujao." Akamshika mkono. "Nisitiri. Hili moja tu. Nikishauvaa naacha, nakuapia kwa mama."

Mwantumu alinyamaza, kama alivyozoea. Angekuambia alinyamaza kwa mapenzi, na asingesema uongo, maana alimpenda Mbaruku kuliko mtu yeyote aliye hai. Lakini mimi nawasimulieni yote. Sokoni walikuwa wameshaanza kumwita dada wa Kisiki, wakimchagulia nyanya nzuri, na mtu aliyekaa miaka kumi na moja na uchafu wa wengine hakuchukia kuchaguliwa nyanya. Hilo nalo lilikuwamo.

Sasa chama cha ngumi kina kanuni, na si mbaya. Bondia aliyepigwa kichwani akayumba ni lazima apumzike miezi mitatu na apigwe picha ya ubongo kabla hajarudi. Kutoka Juni hadi Agosti hakuna miezi mitatu, hata uhesabu kwa vidole vya mtu mwingine. Ilibidi watu wafanye kazi.

Kazi ya Mhando ilikuwa kubadilisha jina la kitu. Alikwenda ofisi ya chama na suti yake, akamkuta katibu.

"Pambano la Juni?" akasema. "Pambano gani, ndugu katibu? Ile ilikuwa burudani ya kufungua duka la magodoro! Palikuwa na ngoma pale, palikuwa na soda."

"Palikuwa na mwamuzi na raundi nane," katibu alisema.

"Hata harusini kuna mshereheshaji."

Katibu alicheka, na aliyecheka na Mhando huwa ameshakubali. Akafuta neno "pambano", akaandika "burudani". Na kwa kuwa katika burudani haumii mtu, Mbaruku akawa hakuumia. Picha ya ubongo haikuhitajika tena, na bango likatoka siku ileile.

Kazi ya Semboja ilikuwa kujaza kichwa. Alikuwa ameshawapeleka mabondia zaidi ya ishirini kwa Daktari Lukindo, na kila mara alisubiri nje, chini ya dirisha lililokuwa wazi. Alijua kwamba daktari humtajia bondia maneno matano, akamzungusha kwa maswali mengine, kisha akamtaka ayarudie, ili aone kama kumbukumbu ni nzima. Alijua pia kwamba Lukindo, kwa uvivu wake, hakuwahi kuyabadilisha. Kiatu, limau, daraja, kengele, mbuzi. Miaka saba, maneno yaleyale.

Basi wiki mbili nzima, badala ya kumfundisha Mbaruku kukinga kichwa, Semboja alimfundisha kipimo cha kichwa. Alimrukisha kamba, kila mruko neno. Kiatu, mruko. Limau, mruko. Mbaruku akisahau anaanza upya. Mwanzo alikuwa akifika kwenye daraja akapotea, akasimama na kamba mkononi akitazama ukuta, na kocha huyu, aliyekaa na mabondia miaka ishirini na tano, alimwona mwanamume wa miaka ishirini na tisa akishindwa kukumbuka mbuzi, akaona tatizo ni mazoezi machache. Akaongeza kamba.

Siku ya kupimwa walikwenda watatu. Semboja akabaki chini ya dirisha lake. Mwantumu akakaa kwenye benchi la korido, maana fomu ilitaka ndugu wa karibu. Mlango haukufungwa, akaona kila kitu.

Daktari alimmulika Mbaruku machoni. Akamwambia aguse pua kwa kidole, na kidole kikaenda shavuni kwanza. Akamwambia atembee juu ya mstari wa vigae, kisigino kikigusa vidole, na Mbaruku akatembea kwa kuyumba. Lukindo hakuandika kitu. Kisha akamkalisha na kusema, "Sasa, mwanangu, nitakutajia maneno matano uyashike."

"Kiatu, limau, daraja, kengele, mbuzi," Mbaruku alisema kwa haraka, magoti yakimchezacheza kama yumo kwenye kamba.

Chini ya dirisha Semboja alijipiga paji la uso, Mwantumu akausikia mlio.

"Bado sijakutajia," daktari alisema.

"Ndiyo, daktari."

"Umeyajuaje?"

Mbaruku alitazama dirisha. Daktari naye akatazama dirisha. Hapo Lukindo angeweza kusema maneno mengine matano, yoyote, sufuria, shati, chochote kilichomjia.  Badala yake aliuliza swali jingine kabisa: "Leo siku gani?"

Mbaruku akafikiri. "Leo siku ya kupimwa."

Lukindo akacheka, kwa vile jibu lilikuwa la kuchekesha na kucheka ni rahisi kuliko kuandika. Kisha akamwita Mwantumu ndani.

"Bibie, nyumbani umewahi kumwona ndugu yako akianguka? Akakakamaa, akapoteza fahamu?"

Mbaruku alikuwa amebana mikono katikati ya mapaja ili isionekane ikitetemeka. Hakumtazama dada yake.

"Hapana, daktari."

"Hata shuka kulowa?"

Mtu haulizi swali la shuka kama hajui analotafuta. Mwantumu alijua hivyo, na daktari alijua kwamba anajua.  Ilitosha mmoja wao aseme.

"Hapana," akasema Mwantumu.

Kazi ya Lukindo ikawa kugonga muhuri. ANAFAA, herufi kubwa, wino wa bluu. Chini yake, kwa mwandiko mdogo wa kujikinga, akaandika: apigwe picha ya ubongo baada ya pambano. Baada! Huyo ni fundi anayekuambia literemshe gari kutoka Lushoto kwanza, breki tutazitazama ukifika Mombo. Mwenyewe alijiambia kwamba akimkataa, watampeleka kwa daktari wa mji mwingine asiyejali kabisa, na kwamba yeye walau atakuwapo ulingoni. Alijiambia pia mambo mengine, lakini bango tayari lilikuwa na jina lake, na kiti chake cha mbele kilishavikwa kitambaa cheupe.

Pambano lilikuwa Jumapili alasiri. Sitalisimulia raundi kwa raundi, atakaye hayo amtafute Mhando. Bondia wa Mwanza, Bakema, alimpiga Kisiki kichwani mpaka watu waliokaa mbele wakawa wanakunja uso, halafu wanashangilia. Raundi ya tisa Bakema alichoka mikono. Akakaa kwenye kigoda chake, akakataa kuinuka. Mbaruku akavishwa mkanda, bati kubwa la rangi ya dhahabu, akanyanyuliwa mabegani.

Chumba cha kubadilishia nguo kilijaa watu. Mbaruku alikaa na mkanda kiunoni, akamgeukia Semboja. "Kocha, tunapanda saa ngapi?"

Wote wakacheka. Mhando alicheka mpaka akatoa leso. "Bingwa ana utani huyu!"

Mwantumu hakucheka. Alisogea akamshika mdogo wake mashavu, akaona jicho moja mboni imekuwa kubwa kuliko ya lile jingine. "Mwiteni daktari," alisema, na kabla hajamaliza Mbaruku akaanguka.

Damu ilikuwa imevia ndani ya fuvu. Walimpasua Dar es Salaam, wakamtoa hai. Miezi mitano baadaye alirudi nyumbani, na aliyerudi alikuwa mtu wa kuongozwa mkono. Anakula akilishwa, maana kijiko hakifiki. Anakwenda chooni akipelekwa, akisahauliwa anajilowesha palepale. Jina la dada yake limempotea. Mwantumu aliacha kufua mashuka ya wageni, akabaki na ya mtu mmoja tu, ambayo ni mengi kuliko yale.

Sasa watu wa ngumi wa mji huu wana desturi yao. Bingwa akiacha ulingo bila kupokonywa mkanda, mkanda haufungiwi kabatini. Hupewa mtu mmoja aliyemfikisha, na jina la mtu huyo huchongwa nyuma ya bati, moja tu, kwa kuwa nafasi ni ndogo. Familia ndiyo inayotoa. Kwa hiyo Jumamosi moja asubuhi, hodi ikapigwa kwa Mwantumu, wakaingia Semboja, Mhando na Lukindo kwa mpigo, na fundi wa kuchonga nyuma yao akiwa na kisanduku chake.

Mwantumu aliwakaribisha uani. Mbaruku alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, shuka limefungwa kiunoni, akitazama kuku. Walimwamkia kwa heshima zote, wakampa pole, wakamwita bingwa. Hakuna aliyekaa karibu naye.

Semboja alianza. "Da Mwantumu, mimi sipendi kujisema. Lakini nilimchukua huyu hajui kufunga bandeji. Bila mimi angekuwa mbeba mizigo bandarini. Kila alichokuwa nacho kichwani nilikitia mimi."

"Kichwani," Mwantumu alisema.

"Kila kitu."

Mhando akakohoa. "Kufundisha kila mtu anafundisha, mabibi wa chekechea wanafundisha. Lakini pambano lile lisingekuwapo, dada yangu! Kanuni zilikuwa zimembana. Nani alikwenda kule ofisini kumfungulia njia? Bila mimi Kisiki asingepanda."

Lukindo alikuwa wa mwisho, sauti ya chini, kama mtu mwenye haya. "Mimi si mtu wa ngumi. Lakini bila muhuri wangu wote hawa wasingefika popote. Na nilikuwapo alipoanguka, nilimshika taya, nikamwekea njia ya hewa. Kama anapumua leo ni kwa ajili yangu. Ningependa mkanda ukae pale zahanati kwangu, wagonjwa wauone."

Mwantumu aliwasikiliza wote kwa uso wa kufua nguo. Kisha akaingia ndani, akarudi na mkanda. Wote watatu wakajinyoosha kidogo. Hakumpa hata mmoja. Aliinama akauzungusha kwenye kiuno cha Mbaruku, juu ya shuka, akafunga vifungo viwili nyuma ya kiti, tak, tak.

"Nimewasikieni," alisema. "Kila mmoja kasema bila yeye huyu asingefika hapa. Basi hapa ndipo alipofika. Mkanda na mtu wake sivitenganishi. Anayeustahili ajongee, ainue bati na kilichomo ndani yake, aende navyo kwake. Amwogeshe, amlishe, amfulie, maisha. Jina lake tutalichonga sasa hivi, fundi huyu hapa."

Kuku alipita katikati yao. Hakuna aliyejongea.

Sikilizeni sasa, maana midomo ni ileile, na ilifunguka kwa mpangilio uleule.

"Da Mwantumu," Semboja alisema, "tusitiane maneno mdomoni. Mimi ni mwalimu tu. Nilimfundisha, ndiyo, lakini mwalimu hampandishi mtu ulingoni. Aliyempandisha ni aliyetengeneza pambano."

"Mimi natengeneza karatasi!" Mhando akasema. "Najua nini mimi habari za ubongo? Daktari ndiye mwenye elimu yake. Angesema hafai, ningefuta bango siku ileile, wallahi. Tena mgonjwa ameshakuzoea wewe, dada yangu, kumhamisha ni kumtesa."

Lukindo alitazama viatu vyake. "Daktari hufuata historia ya mgonjwa," akasema. "Niliuliza. Niliuliza mara mbili. Nikaambiwa hapana."

Wote watatu wakamgeukia Mwantumu, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile walikuwa kitu kimoja. Semboja akapata nguvu. "Kumbe! Shuka ulikuwa unafua wewe, Da Mwantumu. Sisi tulimwona saa moja kwa siku akiwa na glovu. Wewe ulilala naye nyumba moja. Ungesema neno moja tu pale kwa daktari, leo huyu angekuwa anakula kwa mkono wake. Sasa unatuletea mashindano ya nini? Aliyesitiri na alee."

Mwantumu alishika mgongo wa kile kiti cha plastiki. Alikuwa amewadharau watu hawa miezi yote hiyo, usiku na mchana, dharau iliyomsaidia kuamka, na sasa aliwatazama akaona hawakumzidi kwa kitu.

"Ni kweli," alisema. "Nilijua, nikasema hapana. Hilo silikatai na sitalikataa kesho. Lakini mimi siombi jina langu lichongwe."

"Na mwenyewe je?" Mhando akadandia upesi. "Mwenyewe hakutaka? Tulimfunga kamba? Mtu mzima yule, alitaka mkanda, kaupata. Tumuulize mwenyewe anampa nani!"

Wazo hilo liliwapendeza wote, maana mtu asiyeweza kujibu hawezi kukutaja. Mhando alichuchumaa mbele ya kiti, suti na yote, akatumia ile sauti yake ya kipaza sauti. "Bingwa! Kisiki! Tuambie wewe, nani kakufikisha hapa?"

Mbaruku aliacha kutazama kuku. Alimtazama Mhando, akamtazama daktari mwenye koti jeupe, na uso wake ukaamka. Magoti yakaanza kuchezacheza, bati likagonga kwenye kiti.

"Kiatu," alisema. "Limau. Daraja. Kengele. Mbuzi."

Yote matano, bila kukosea. Akamtazama Semboja kwa furaha, akisubiri kuambiwa amefaulu.

Semboja aligeuza uso. Lukindo alitoa miwani akaifuta ilhali haikuwa na vumbi. Mhando aliinuka, akaanza kupangusa vumbi kwenye suti yake. Mwantumu alipitisha kiganja kwenye kichwa cha mdogo wake, pale kovu lilipo. "Umefaulu," alimwambia.

Fundi wa kuchonga, ambaye alikuwa amesimama mlangoni muda wote na kisanduku chake, ndiye aliyeuliza. "Jamani, niandike nani?"

Hawajamjibu mpaka leo.

Haya, hadithi imeishia hapo, na zamu ni yenu. Mkanda uko kiunoni mwa Mbaruku, na Mbaruku yuko kwenye kiti. Yupo Semboja, aliyemtia kichwani majibu akamwachia hayo tu. Yupo Mhando, aliyefuta neno moja kwenye karatasi. Yupo Lukindo, aliyeona kila kitu akaandika kwa herufi ndogo. Yupo Mwantumu, aliyejua kabla yao wote, akaulizwa mara mbili, na ambaye ndiye pekee anayemwogesha. Yupo Mbaruku mwenyewe, aliyeomba asitiriwe. Angekosekana yeyote katika hao watano, mtu yule leo angekuwa anajua jina la dada yake. Na msikae vizuri sana kwenye viti vyenu, maana siku ile mbele ya duka la magodoro, alipokalia kigoda kisicho chake, waliocheka tuliwaona.

Nyuma ya bati pana nafasi ya jina moja, na mwenye jina anaondoka na mtu. Je, wewe ungemwambia fundi achonge la nani?